Kijana Mzito wa Kufahamu

Miburani, katika kisiwa cha Mafia, minazi ni mingi. Makumbi yake hufukiwa katika tope kwa miezi, kisha hupondwa kwa gongo, zikapatikana nyuzi za kusokotea kamba.

Tuseme yuko huko kijana wa miaka 20, mzito wa kufahamu tangu kuzaliwa. Majirani husema, "Amekwisha kuwa mtu mzima, hafundishiki tena," naye huachwa uani, wageni wasimwone. Hilo ni kosa. Akili yake huenda polepole, lakini haisimami siku anapoota ndevu. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 yampa haki ya kufundishwa, awe na umri wo wote.

Yapata mwaka 1840, Mfaransa Édouard Séguin alianza kuwafundisha watoto wa namna hii mjini Paris. Alianzia mikono na macho. Herufi zilifuata baadaye.

Kazi ya kamba nayo hugawanywa vipande vidogo. Mwalimu husokota yote, akamwachia kijana fundo la mwisho tu. Akilijua, huongezewa pima la mwisho. Hivyo kila siku kijana ndiye amalizaye kazi. Pengine husahau la jana, nalo hurudiwa bila kukaripiwa; hapo hushindwa walimu zaidi kuliko wanafunzi.

Fedha ni ngumu zaidi, kwa maana mchuuzi mwovu aweza kumpa noti moja kwa kamba tatu. Basi hufundishwa kwa noti zenyewe, dukani kwenyewe, noti moja kwa kamba moja, mpaka mkono wake ukatae kuiachia kamba ya pili kabla ya kuishika noti ya pili.