Kabla ya chekechea: dakika zilizomo ndani ya kazi za nyumbani

Mtoto huingia darasa la PP1 akiwa na umri wa miaka 4. Hapo ndipo serikali ya kaunti inapompokea, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizipa kaunti jukumu la elimu ya awali na vituo vya kulelea watoto. Lakini mwalimu wa chekechea anampata mtoto ambaye tayari ameishi zaidi ya siku 1,400. Siku hizo hazina kengele wala daftari, na ndizo siku ambazo ubongo hukua kwa kasi isiyorudi tena maishani. Mtoto anapotimiza miaka 2, ubongo wake umefikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima.

Mwalimu wa siku hizo ni yeyote anayeshinda na mtoto: mama, baba, nyanya, babu, shangazi, yaya, au dada wa miaka 10 aliyeachiwa mdogo wake. Somo hili ni lao. Halimwambii mtu atafute muda mpya, kwa sababu kwa familia nyingi za Kilifi muda huo haupo. Linahusu muda ambao tayari unatumika.

Mtoto akisalimu, anangoja kuitikiwa

Mtoto mchanga huanza mazungumzo kabla hajajua neno lolote. Anapozaliwa huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ndio umbali wa kutoka titi hadi uso wa mama. Sauti ya mama anaijua tayari, maana aliisikia akiwa tumboni. Kwenye wiki ya 6 hivi huanza kutabasamu akimwona mtu. Baadaye huguna, hupiga kelele, huonyesha kitu kwa kidole, huvuta leso. Kila mojawapo ya hayo ni kama salamu, na kama ilivyo kwa salamu yoyote, aliyeitoa anangoja jibu.

Mtafiti wa Marekani, Edward Tronick, aliwahi kuonyesha jambo hili miaka ya 1970 kwa njia nyepesi sana. Mama alicheza na mtoto wake mchanga kama kawaida, kisha akaombwa akae mbele yake kwa muda mfupi bila kubadilisha uso: asitabasamu, asiseme, asiitikie. Mtoto alitabasamu ili mama amjibu. Alipoona hajibiwi alijaribu tena, akanyoosha mikono, kisha akaugeuza uso na kuanza kuhangaika. Muda wenyewe ulikuwa ni dakika chache tu. Mama alipoanza tena kumjibu, mtoto alirudi katika mchezo.

Jambo la mwisho hilo lisipite haraka. Mzazi hawezi kuitikia kila mguno, hasa mwenye watoto wanne na jiko linalotoa moshi. Mtoto hahitaji mtu asiyekosa. Anahitaji nyumba ambayo kwa kawaida akiita, mtu huitika, na asipoitikiwa sasa, ataitikiwa baadaye.

Wapo wazee wanaosema kuwa kumwitikia mtoto kila mara ni kumdekeza, na wapo wanaoona haya kuzungumza na mtoto asiyejua kujibu, wakidhani majirani watawacheka. Kwa jambo la kwanza, mtoto wa miezi sita halii kwa ujanja. Hulia kwa sababu hana njia nyingine ya kusema. Kwa jambo la pili, maneno anayoyatoa mtoto akiwa na mwaka mmoja ni yale aliyoyasikia miezi mingi kabla ya hapo. Aliyengoja mtoto ajue kuzungumza ndipo aanze kuzungumza naye atangoja zaidi.

Nazi, beseni na njia ya kisimani

Chukua kazi ya kila siku kama kukuna nazi. Mama ameketi juu ya mbuzi, mtoto wa mwaka mmoja na nusu yuko kando yake kwenye mkeka. Kazi itachukua muda uleule, awe kimya au aseme. Akisema, anaweza kusema hivi: "Hii nazi, mama. Ngumu, gonga uone. Sasa naikuna. Umesikia? Kwaru, kwaru." Mtoto atagonga. Atanyoosha mkono apewe, naye apewe kipande kidogo cha nazi iliyokunwa aonje. Kifuu kikibaki kitupu kitakuwa kikombe, kofia, ngoma na gari, na mtoto atakitia mchanga na kuumwaga mara ishirini. Katika muda huo amejifunza ngumu na laini, kujaa na kumwagika, nipe na chukua, na jina la kitu ambacho ataishi nacho maisha yake yote. Chakula cha mchana hakikuchelewa. Tahadhari moja tu: ubao wenye meno usiachwe wazi mama akiinuka kwenda kumwangalia mgeni.

Kuoga nako ni hivyohivyo, na pengine ndiyo nafasi bora kuliko zote, kwa sababu mtoto wa beseni hana pa kwenda na mzazi hawezi kushika kitu kingine. "Lete mkono, baba. Huu wa kulia. Wa pili uko wapi?" Baada ya wiki chache mtoto atautoa mkono kabla ya kuambiwa. Hilo ni jibu, na mzazi asiyelitazama atalipoteza. Leso ya kumkaushia inaweza kufunika uso wa mzazi kidogo, kisha ufunuliwe. Mtoto atacheka kana kwamba mzazi alikuwa amesafiri, na kwake yeye ilikuwa hivyo: kujua kwamba mtu aliyefichika bado yupo ni somo zito kwa mtoto wa miezi minane.

Kuna pia njia. Njia ya kwenda kisimani, shambani, sokoni au kliniki, mtoto akiwa mgongoni. Anayebebwa huona anachokiona anayembeba, basi ni rahisi kumtajia: mbuzi wa jirani, mkorosho, bodaboda, mawingu. Katika sehemu za Ganze ambako maji huwa mbali wakati wa ukame, safari hiyo ni ndefu na inachosha, na hakuna anayepaswa kuipamba. Hata hivyo ni safari ya watu wawili, na mmoja wao anaiona dunia kwa mara ya kwanza.

Hakuna mzazi anayejua siku ya mwisho ya kumbeba mtoto mgongoni. Siku moja mtoto anateremshwa atembee, na siku inayofuata anatembea tena, na baada ya muda mama anagundua kuwa leso ya kubebea imekuwa ya kufunikia unga. Watoto wenyewe hawatakumbuka lolote kati ya haya. Mtu mzima ni nadra akumbuke jambo alilolipitia kabla ya kutimiza miaka 3. Kinachobaki kwa mtoto ni lugha, utulivu na kuamini watu. Kumbukumbu yenyewe anabaki nayo mzazi, ikiwa alikuwa anatazama.

Waliyoyaona watu wa Jamaika

Huenda mtu akauliza kama mazungumzo ya kwenye beseni yanaweza kweli kubadilisha maisha ya mtu. Jibu lililo wazi zaidi lilitoka Kingston, mji mkuu wa Jamaika, katika mitaa ya watu maskini. Mwaka wa 1986 na 1987, watafiti wakiongozwa na daktari Sally Grantham-McGregor walichukua watoto 129 wenye umri wa miezi 9 hadi 24 ambao walikuwa wamedumaa. Wengine walipewa chakula cha nyongeza. Wengine walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki, saa moja hivi, kwa miaka miwili. Wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata hata kimoja.

Aliyewatembelea hakuwa daktari. Alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, mtu wa kawaida aliyefunzwa kazi hiyo. Alibeba vifaa vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani, na kazi yake kubwa haikuwa kucheza na mtoto. Ilikuwa kumwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto wake, kumsifu, kumtajia vitu, kisha kumwachia mama aendelee siku zilizobaki za wiki.

Miaka 20 baadaye watoto hao walitafutwa wakiwa watu wazima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2014 yalionyesha kuwa waliotembelewa na kuchezeshwa walikuwa wakipata mapato ya juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiochezeshwa, na walikuwa wamewafikia watu wa rika lao ambao hawakuwahi kudumaa. Chakula cha nyongeza peke yake hakikuacha tofauti ya namna hiyo katika mapato. Hii haina maana kuwa chakula si kitu. Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha lishe mchanganyiko, bado ndiyo msingi wa uhai. Maana yake ni kwamba mtoto aliyeshiba akawekwa kimya pembeni amepewa nusu.

Mwaka wa 2018, Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi ya watoto wadogo wenye nguzo tano: afya, lishe, usalama, nafasi ya kujifunza mapema, na mlezi anayemwitikia mtoto. Nne za kwanza zinaweza kusaidiwa na zahanati, soko, polisi na shule. Ya tano haina idara.

Mzazi anayerudi usiku

Wapo wanaotoka Mtwapa au Mariakani kabla ya alfajiri kwenda kazini Mombasa, na kurudi mtoto amelala. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama mwajiriwa likizo ya miezi 3 yenye mshahara, na baba likizo ya wiki 2. Mwenye kibarua cha siku hapati hata hizo. Kumwambia mzazi wa namna hii "tenga saa mbili za kucheza na mtoto" ni kumwongezea hatia, si kumsaidia.

Linalowezekana ni kuchagua kazi moja ya mtoto na kuifanya iwe yako. Baba ambaye kila asubuhi ndiye anayemnawisha mtoto uso na kumpa uji, hata kama ni dakika 15, ana nafasi yake katika siku ya mtoto. Mtoto atamngoja yeye kwa kazi hiyo na kumkataa mwingine, jambo linalokera kidogo lakini ni dalili njema. Anayerudi mwisho wa juma tu anaweza kupewa kuogesha na kulaza siku zote mbili, badala ya kuketi kama mgeni akiletewa mtoto asalimu. Na anayebaki na mtoto mchana, awe nyanya au yaya, anahitaji kuambiwa waziwazi kuwa kuzungumza na mtoto ni sehemu ya kazi yake, haitahesabiwa kuwa ni kupoteza wakati. Yaya wengi hunyamaza kwa kuogopa kuonekana wavivu.

Kuhusu simu: Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Katuni hazimjibu mtoto akiita. Simu ya mzazi aliye mbali ni jambo jingine, kwa kuwa upande wa pili kuna mtu anayeitikia. Inayodhuru zaidi pengine ni ile iliyo mkononi mwa mzazi mwenyewe mtoto akiwa anamvuta nguo.

Mtoto asipoitikia

Kumtazama mtoto kila siku kuna faida nyingine. Mzazi ndiye wa kwanza kugundua kasoro. Mtoto ambaye hageuki kuifuata sauti, hatabasamu akifika miezi mitatu, hatoi sauti kama ba-ba au ma-ma akikaribia mwaka, au ameacha kufanya jambo alilokuwa akilifanya, apelekwe zahanati bila kungoja tarehe ya chanjo. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto kinachotolewa kliniki kina ukurasa wa hatua za ukuaji, ingawa wazazi wengi hukifungua kwenye ukurasa wa chanjo na uzito tu. Mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka kijijini anaweza pia kuombwa amtazame mtoto. Mlezi anayeona mtoto anateswa au ametelekezwa, au anayehisi hasira yake mwenyewe imemzidi, anaweza kupiga nambari 116 bila malipo, mchana au usiku.

Zoezi la wiki

Kila mtu mzima wa nyumba achague kazi moja anayoifanya mtoto akiwa karibu: kuoga, kupika, kufua, kufagia, kutembea. Kwa siku saba, katika kazi hiyo moja tu, simu iwekwe mbali, vitu vitajwe kwa majina, na mtoto akiguna, akionyesha au akisema, aitikiwe kisha aachwe ajibu. Kumwachia nafasi ndiyo sehemu ngumu. Hesabu polepole hadi tano kabla ya kusema tena. Lugha iwe ile mzazi anayoizungumza vizuri zaidi, Kigiriama, Kichonyi, Kiswahili au nyingine. Jioni ya siku ya saba, walezi waketi na kuambiana ni jambo gani moja ambalo mtoto amelifanya wiki hiyo na ambalo hawakuwa wameliona.