Ukindu Mkononi: Maswali na Majibu kwa Anayeanza Kusuka Nyumbani

Kila nikiketi barazani na ukindu wangu, hakosekani mtu wa kusimama. Huyu anauliza chane, vile vipande vyembamba vya jani, zinapasuliwa vipi, yule anataka binti yake ajifunze, mwingine ana kicha cha ukindu uvunguni tangu mwaka jana na hajakigusa. Na karibu wote husema neno lile lile: mkono wangu mzito. Katika miaka yote niliyofundisha kusuka sijapata kuona mtu aliyeshindwa kwa sababu ya mkono mzito. Walioshindwa kwa sababu ya chane mbaya nimewaona wengi. Ndiyo maana katika majibu haya nitakaa sana kwenye maandalizi, hata pale muulizaji alipokuwa na haraka ya kufika kwenye kusuka.

Shikamoo mwalimu. Sijawahi kusuka chochote maishani. Nianze na kitu gani?

Marahaba. Anza na kitanga cha kuwekea sufuria mezani, cha duara, upana wa sentimita 20. Watu wengi huanza na mkeka kwa sababu ndio walioukuta nyumbani kwao, kisha wanachoka ukili, ule utepe mrefu unaosukwa kwa chane na kushonwa, ukiwa bado haujafika hata robo. Mkeka ni kazi ya wiki nyingi. Kitanga unakimaliza siku mbili tatu, unakitumia, unaona makosa yako kila unapoweka sufuria, na cha pili kinakuwa bora.

Ndani ya kitanga kuna kila kitu cha ususi wa pwani: kuchana, kusuka ukili, kuunga na kushona. Anayejua hivyo vinne, kapu, kawa na mkeka vitamjia kwa mazoezi tu.

Kwa kitanga cha ukubwa huo, na ukili wa upana wa sentimita 1 na nusu, suka mita 2 na nusu na utabakiwa na kipande kidogo. Ukitaka cha sentimita 30, jiandae kwa karibu mita 5. Wengi hudhani ni nyongeza ndogo, kumbe kazi inaongezeka zaidi ya mara mbili.

Nikienda sokoni niulize ukindu au miyaa? Ni kitu kimoja?

Si kitu kimoja. Ukindu ni majani ya mkindu, ule mtende wa porini unaopenda kuota karibu na maji. Ni mwembamba, laini, unakauka ukawa mweupe na unakubali rangi vizuri. Mikeka mizuri ya kulalia na ya kuswalia hutoka humo. Miyaa ni majani ya mkoma, ambao sehemu nyingine huitwa mlala. Jani lake ni pana na gumu, nalo linafaa majamvi, makapu ya shamba na kamba.

Wewe unayeanza, omba ukindu. Shika jani moja ulikunje katikati: likikatika papo hapo limekaa dukani muda mrefu. Likikunjika na kubaki na alama tu, linunue.

Shambani kwetu ipo mikindu. Naweza kukata mwenyewe?

Unaweza, ila ujue unachokata. Jani la kusukia ni lile changa lililo katikati, ambalo bado limefumba kama kisu kilichomo alani. Likishafunguka na kuwa kijani kibichi, limekomaa, litakuwa gumu. Kila shina la mkindu lina kilele kimoja tu cha kuotea, kilele hicho kikiumia shina lote linakufa. Basi kata jani moja changa, uache linalofuata lifunguke kwa amani, uhamie shina jingine. Mkindu huota kwa mashina mengi pamoja, kwa hiyo hutakosa. Nimeona mahali ambapo watu walikata bila kuacha, na leo wasusi wa pale wananunua ukindu kutoka mbali.

Ukishakata, tenganisha majani na uyaanike juani mpaka ukijani uishe. Usiku yaingize ndani. Mvua ikiyanyeshea yanapata madoa meusi ambayo hayatoki.

Chane zangu hazilingani. Nyingine nene, nyingine nyembamba, na ukili unakuja na mawimbi. Nifanye nini?

Swali hili ndilo kubwa kuliko yote, na nimefurahi limeulizwa.

Ukili hauharibikii kwenye kusuka. Unaharibikia kwenye kuchana. Chane moja ikiwa na milimita 3 na jirani yake 6, hata ungekuwa fundi wa miaka 40 ukili utakwenda upande. Bibi yangu alinikalisha siku nzima nikichana tu. Jioni alizimwaga chane zangu kwenye ungo, akazitazama, akatoa nyingi akazitupa jikoni za kuwashia moto, zilizobaki akaniambia nizifunge. Kesho yake nikasuka ukili wangu wa kwanza, nao ukanyooka.

Wasusi wazoefu huchana kwa ukucha au ncha ya kisu, wakipima kwa jicho. Wewe jitengenezee kifaa. Chukua kipande cha ndala iliyochakaa, chomeka sindano mbili za kushonea zilizo imara, zikae sambamba kwa nafasi ya milimita 4, ncha zitokeze upande wa pili kiasi cha sentimita 1. Chukua jani, toa kwanza ule ukingo mgumu na uti wa katikati. Lilaze juu ya ubao, bonyeza ncha za sindano karibu na kitako cha jani, kisha livute jani kwa mkono mmoja huku mwingine ukishikilia ndala. Utapata chane yenye upana ule ule mwanzo hadi mwisho. Weka vidole mbali na ncha, na ukimaliza chomeka kizibo juu yake ili mtoto asijichome.

Andaa chane 80 kabla hujaanza kusuka, zikiwa na urefu wa futi moja hivi. Kitanga hakitazila zote. Ila ukilazimika kusimama katikati ili uchane nyingine, utachana kwa pupa.

Na unyevu. Chane kavu inakatika, chane iliyolowa chepechepe inavimba, na ikikauka ndani ya ukili inanywea na kuacha matundu. Kitambaa kibichi kilichokamuliwa ndicho dawa: zifungie humo zilale usiku mmoja. Suka asubuhi au jioni kivulini. Saa saba mchana kwenye upepo, chane inakukaukia mkononi kabla hujaipitisha.

Ukili wa chane tano unasukwaje? Nimeonyeshwa mara mbili nikasahau.

Hutasahau tena ukiufuata hivi. Funga chane tano kwa uzi upande mmoja, uzibane chini ya kidole gumba cha mguu au chini ya kitu kizito. Zigawe: tatu kushoto, mbili kulia.

Ichukue ya pembeni kabisa kushoto. Ipitishe juu ya jirani yake, kisha chini ya inayofuata, iingie katikati na kujiunga na kundi la kulia. Sasa kulia ziko tatu, kushoto mbili. Fanya vile vile upande wa kulia: ya pembeni kabisa, juu ya moja, chini ya moja, iingie kushoto. Basi, ni hivyo hivyo mpaka mwisho. Upande wenye tatu ndio wenye zamu. Ukiitwa mlangoni na kurudi, hesabu tu, utajua ulipoachia.

Kila baada ya hatua mbili, bana ukili kwa vidole na uvute chane zote kwa nguvu sawa. Usisubiri kidole kizima kipite ndipo ukaze, hapo matundu yameshakaa. Na unapoizungusha chane ukingoni, ikunje kabisa, uso ulio juu uende chini. Ukingo mkali namna hiyo ndio utakaoshika uzi wakati wa kushona.

Chane ikiisha katikati?

Itaisha, tena mara nyingi. Usingoje ifike mwisho kabisa. Ikibaki kama vidole vinne, ilaze mpya juu yake, kitako cha mpya kikielekea ulikotoka, uzisuke mbili pamoja kama moja kwa hatua tatu au nne. Kisha iachie ya zamani itokeze upande wa nyuma na uendelee na mpya. Usiunge chane mbili mahali pamoja. Pale pataonekana uvimbe. Mikia yote utaikata ukili ukishakauka. Ukiikata mapema, chane zinanywea na kiungo kinafumuka.

Nilishona kitanga, kikapanda kingo kama bakuli. Kosa liko wapi?

Umekaza. Kitanga hushonwa kwa kuzungusha ukili kutoka katikati kwenda nje, ukingo kwa ukingo, kwa shazia, ile sindano kubwa, na uzi imara wa pamba au wa katani. Ukiuvuta ukili unapozunguka, duara la nje linakuwa fupi kuliko linavyotakiwa, nalo linanyanyuka. Ukiulegeza kupita kiasi, kingo zinacheza kama pindo la gauni. Laza kazi mezani wakati wa kushona, usiishike hewani mapajani. Ukili uongoze kwa kiganja, uzunguke wenyewe.

Mzunguko wa kwanza ndio wenye shida. Lowesha kidogo kipande cha mwanzo cha ukili, ukunje ncha yake ya kwanza chini, kisha uuzungushe kwa subira ukishona kila msuko. Ukishavuka mizunguko mitatu, kazi inakwenda.

Hilo bakuli lako usilifumue lakini. Kukaza huko huko ndiko anakokutumia fundi anapotaka kapu lipande kutoka kwenye kitako chake. Wewe umelifikia hilo kabla ya siku yake. Weka humo vitunguu.

Rangi gani zinafaa?

Za unga za madukani, zile za kuchemshia ukindu, ndizo zinazodumu. Paka rangi chane, si ukili: rangi haifiki ndani ya msuko. Tumia sufuria ya kazi hiyo tu, isirudi tena kwenye chakula, na uchemshie nje penye hewa. Manjano ya jikoni yanatoa njano ya kupendeza sana, ila jua linaifuta. Kwa kitanga cha ndani yanatosha. Kwa kitanga cha kwanza mimi ningekushauri usitie rangi yoyote. Ukindu mweupe unaonyesha kila kosa, na wewe unataka kuyaona.

Ninaishi mbali na pwani, huku hakuna mkindu. Nikate tamaa?

Hapana, chukua kanga iliyochakaa. Kanga ina karibu mita 1 na nusu kwa upana wa mita moja na ushee. Ichane kwa urefu vipande vya sentimita 4, utapata zaidi ya 20. Suka kwa hesabu ile ile ya tano, uunge kwa kushona ncha kwa ncha, kisha zungusha na ushone. Unapata zulia dogo la kukanyagia mlangoni, na kila mzunguko una rangi ya kipande tofauti cha pindo na mji. Pia huhitaji kulowesha kitu. Watoto wa miaka 7 au 8 nawaanzisha na vitambaa hivi hivi, kwa sababu havikatiki na havikwaruzi vidole.

Mimi ni mwanaume. Nikisuka nitachekwa?

Wavuvi wetu wanasuka madema, na msuko wa dema ni mgumu kuliko huu. Suka, mwanangu.

Naweza kuuza?

Baadaye. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Wanunuzi wengi walihamia mifuko ile ya kitambaa chepesi, lakini nafasi ya kikapu cha ukili ipo, hasa kwa anayetaka kitu cha kukaa miaka. Kabla ya kutaja bei, andika saa ulizotumia kuchana, kusuka na kushona. Wasusi wengi huhesabu ukindu na rangi tu, jasho lao wanaligawa bure. Mimi sikubali hilo, na ninaomba wewe usilianze.

Kitanga kimeota ukungu. Nikioshe?

Usikiloweke. Kifute kwa kitambaa chenye maji kidogo na siki, kianike juani mpaka kikauke pande zote mbili, kisha kitundike ukutani penye hewa. Usikifungie kabatini kikiwa na joto la sufuria bado.

Mwisho, mwalimu: nitapata wapi muda?

Leo huhitaji kusuka. Chana chane 20 tu baada ya chakula cha usiku, ufanye hivyo siku nne. Siku ya nne zifungie zote kwenye kitambaa kibichi kilichokamuliwa, uziache karibu na mtungi. Asubuhi zitakuwa zimelainika, zinakungoja.