Una Homa? Usisafiri: Kijitabu cha Nyumbani kwa Safari za Desemba 2021

Kwa nini kijitabu hiki kimetoka sasa

Kafyu iliondolewa Oktoba 20. Tangu Agosti magari ya abiria yanaruhusiwa tena kujaza viti vyote. Watu wana hamu ya nyumbani, na wana haki ya kuwa nayo. Wako ambao hawajawaona wazazi wao tangu Machi 2020. Lakini Novemba 26 Shirika la Afya Duniani lilitangaza aina mpya ya korona, Omicron, inayoambukiza upesi sana, na sasa imethibitishwa hapa kwetu Kenya.

Sisi maafisa wa afya wa upande wa magharibi tunaijua Januari. Wazee huletwa hospitalini wakihema, na wengi wao hawakusafiri kwenda popote. Hawakupanda basi, hawakwenda mjini. Ugonjwa uliletwa mpaka kwenye kiti wanachokalia, pamoja na sukari, mkate na leso mpya.

Tumechoka kuwapokea wagonjwa ambao wangeweza kubaki wazima.

Neno kuu la kijitabu hiki

Una homa? Usisafiri.

Homa ipi?

Yoyote. Kikohozi, mafua, koo linalowasha, joto la mwili, kichwa kuuma, mwili kuchoka bila kazi, kutosikia harufu ya chakula wala ladha yake, hata kuharisha. Ukiwa na moja tu kati ya hizi, safari yako imesimama mpaka upimwe.

Usijipe jibu mwenyewe. Tunayasikia maneno haya kila mwaka: "ni vumbi," "ni baridi ya asubuhi," "ni homa tu, ofisini kwetu kila mtu anayo." Ikiwa ofisini kwenu kila mtu anayo, hiyo ni sababu kubwa zaidi ya kubaki. Hakuna mtu awezaye kutazama mafua akajua kama ni korona au si korona. Hata daktari hawezi mpaka apime.

Na hili ndilo linalotutia hofu kuliko yote. Mtu anaamka na joto siku ya safari. Nauli imelipwa, mbuzi wa nyumbani ameshanunuliwa, watoto wamevaa. Anameza vidonge viwili vya kutuliza homa na kuelekea kwenye kituo cha mabasi. Akipimwa joto mlangoni, kipimo hakionyeshi kitu. Anapanda. Ajue kwamba kidonge kimeshusha joto tu. Ugonjwa bado anao, na anaendelea kuwapumulia wenzake.

Usimeze dawa ili upite kwenye kipimo. Una homa? Usisafiri.

Anayelipa ni nani

Kijana wa miaka 30 akipata korona, mara nyingi atalala siku chache na kuamka. Mama yake wa miaka 70 mwenye sukari au presha huenda asiamke. Basi anayeamua kusafiri ni mmoja, na anayelipa ni mwingine ambaye hakuulizwa. Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la afya peke yake na kuwa la haki. Mwili wako una ruhusa ya kuuhatarisha. Wa mama yako huna.

Kumbuka pia mahali mama alipo. Nairobi kuna hospitali nyingi. Kijijini, kutoka boma mpaka kwenye mtungi wa oksijeni ni pikipiki, barabara ya udongo, kituo cha afya kisicho na oksijeni, kisha gari la kukodi mpaka hospitali ya kaunti. Mwezi Juni mwaka huu kaunti 13 za eneo la ziwa na magharibi, zikiwemo Busia, Kakamega, Bungoma, Siaya na Kisumu, ziliwekewa masharti makali kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi kuliko hospitali zilivyoweza kuwahudumia. Vitanda havijaongezeka kiasi cha kutufanya tulale usingizi.

Kuna kijana aliyesimama mlangoni mwa wodi yetu, bado amevaa koti la safari, akimtazama baba yake kupitia kioo. Mzee alikuwa amelazwa kifudifudi ili apate pumzi, mkono mmoja umeshika ukingo wa kitanda. Kijana alikuwa akirudia neno moja kwa kila muuguzi aliyepita: "Lakini mimi nilikuwa na homa tu." Hakuna aliyemlaumu. Hakuna pia aliyekuwa na la kumwambia.

Nauli

Nauli ikipotea, itatafutwa nyingine.

Ndani ya basi

Safari ya Nairobi mpaka Bungoma ni usiku mzima. Basi linapopanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, baridi huuma na abiria hufunga madirisha yote. Kuanzia hapo, pumzi ya mmoja ni pumzi ya wote. Barakoa nyingi wakati huo zimeteremka kidevuni kwa sababu watu wamelala.

Fungua dirisha la karibu nawe hata kama ni kidogo, vaa sweta, jifunike leso. Barakoa ifunike pua na mdomo hata ukisinzia. Usile safarini bila lazima. Kula ni kuvua barakoa. Jirani yako akikohoa, mwambie kondakta kwa adabu, usimfokee.

Ukiweza, safiri mchana. Ukiweza zaidi, safiri kabla ya tarehe 20 au baada ya mwaka mpya, magari yanapokuwa na nafasi.

Usimwulize mama kama uje

Ukimwuliza mama, "Nije au nisije?", atakujibu, "Njoo tu mwanangu, Mungu yupo." Hilo ni pendo, si ruhusa. Hakuna mzazi wa kwetu atakayemwambia mtoto wake asije nyumbani Krismasi. Kumwuliza hivyo ni kumtwika yeye mzigo ambao ni wako.

Mwambie ukweli, kisha umwambie uamuzi: "Mama, nina mafua tangu juzi. Sitakuja mpaka yaishe. Pesa ya mbuzi nimeituma kwa simu, na Januari nitakuja mwenyewe." Atanung'unika. Mwache anung'unike akiwa mzima.

Nanyi wazee mnaosomewa kijitabu hiki: mna haki ya kumwambia mwana asubiri. Kufanya hivyo si kumfukuza. Mkiogopa kusema, mwambieni mhudumu wa afya wa kijiji aseme kwa niaba yenu. Tumewafundisha kusema bila kumvunjia mtu heshima.

Wanaokuja kutoka ng'ambo

Desemba ni majira ya baridi Ulaya na Amerika. Watu hujifungia ndani na madirisha hufungwa, na magonjwa ya njia ya hewa huenea. Ndugu zetu wa London na Minnesota huja wakati huo huo. Cheti cha kipimo walichobeba kinasema walivyokuwa siku ile walipopimwa. Baada ya hapo wamepanga foleni, wamekaa kwenye uwanja wa ndege wa njiani, wamelala saa nyingi ndani ya ndege na wageni. Dalili zaweza kukawia hadi siku 14.

Kwa hiyo mgeni akifika asipelekwe moja kwa moja kwa nyanya. Apumzike siku kadhaa mjini, apimwe tena, halafu aende. Na jamaa wasijae kwenye matatu kwenda kumlaki. Dereva mmoja anatosha.

Wengine walikutana na haya kabla yetu

Januari 2020 mji wa Wuhan, Uchina, ulifungwa zikiwa zimebaki siku mbili tu kufikia mwaka mpya wa Kichina, sikukuu ambayo kila mtu huko hurudi kwao katikati ya baridi. Meya wake alisema watu milioni 5 hivi walikuwa wamekwisha kuondoka. Novemba 2020 wataalamu wa serikali ya Marekani waliwasihi watu wasisafiri kwa sikukuu yao ya kutoa shukrani. Hata hivyo kulikuwa na siku ambazo zaidi ya watu milioni moja walipita kwenye viwanja vya ndege. Hapa kwetu Machi 26, 2021 kaunti 5, Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru, zilifungwa siku 9 kabla ya Pasaka.

Sheria za namna hiyo huja zikiwa zimechelewa. Mtu mwenye homa hahitaji kungoja rais atangaze.

Jambo hili wala si geni. Waislamu wanajua Mtume alifundisha kwamba ukisikia tauni iko katika nchi usiiingie, na ikikukuta ulipo usitoke kwa kuikimbia. Khalifa Umar alikuwa njiani kwenda Shamu akasikia kuna tauni huko, akashauriana na masahaba, akageuza msafara mzima. Kiongozi wa dola aligeuka njiani. Sisi tunashindwa kurudisha tiketi moja.

Matanga

Hili ndilo gumu, nasi hatutajifanya ni rahisi. Krismasi inaweza kungoja, lakini maiti hangoji. Mtu aliyefiwa na baba ataona aibu ya maisha yote asipotupa udongo kaburini.

Kama huna dalili, nenda. Kaa nje, chini ya turubai lililo wazi pande zote, vaa barakoa, toa pole kwa maneno bila kushikana, rudi siku hiyo hiyo ukiweza. Kama una homa, baki, hata kama ni mazishi ya mzazi. Matangani huja wazee wote wa ukoo, kutoka kila boma, na huo ndio mkutano ambao mgonjwa mmoja huumiza watu wengi kuliko mwingine wowote. Tuma ndugu ashike simu ili uone mazishi. Ukipona, nenda kaburini na wazee wakufanyie sala. Familia isimseme vibaya aliyebaki. Wanaomsema ndio wanaomfanya mwenzake afiche kikohozi msiba ujao.

Kwa waajiri

Msaidizi wa nyumbani, bawabu na mfanyakazi wa duka wengi hupata likizo hii moja tu kwa mwaka. Ukimwambia "ukikosa sasa ni mpaka Desemba ijayo," umemlazimisha kusafiri akiwa mgonjwa. Mpe ahadi ya Januari, na uitimize. Asikatwe mshahara kwa siku za kuugua.

Ukishafika

Salimu kwa mkono kifuani. Usikumbatie wazee, na watoto wako nao wasiwakumbatie, ingawa tunajua ni vigumu. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kuingia. Maongezi yawe chini ya mti, siyo sebuleni mlango ukiwa umefungwa kwa ajili ya baridi. Watoto wa mjini wasilale kitanda kimoja na nyanya, wala chumba kimoja. Anayempelekea mzee chakula awe mtu wa boma, asiwe mgeni; ikibidi awe mgeni, avae barakoa. Kikombe kisizunguke. Busaa isinywewe kwa mirija ya kupokezana kwenye chungu kimoja. Hilo tumelisema tangu mwaka jana na bado tunalikuta. Kesha la Desemba 31 lifanyike uwanjani, na mwenye kikohozi aombe akiwa nyumbani kwake. Ziara za boma hadi boma zipunguzwe: ukizunguka nyumba zote za ukoo kwa siku moja, umebeba ya kila nyumba kwenda nyumba inayofuata.

Ukiamka na homa ukiwa huko, jitenge siku hiyo hiyo, hata kama ni asubuhi ya Krismasi na nyama iko jikoni.

Tangawizi, malimau na kujifukiza

Kunywa ukipenda. Haviponyi korona, mvuke unachoma, na havikupi ruhusa ya kusafiri.

Chanjo

Ni bure. Mpeleke mzee akachanjwe kabla ya wageni kufika. Kinga huhitaji kama wiki mbili ili ikomae. Nyingi ni sindano mbili, ya Johnson ni moja. Aliyechanjwa hulindwa sana na ugonjwa mkali, lakini bado anaweza kuambukizwa na kuambukiza. Kwa hiyo usituonyeshe cheti cha chanjo huku unakohoa. Umechanjwa na una homa? Usisafiri.

Dalili za hatari

Kushindwa kupumua, kifua kubana, midomo kubadilika rangi, mtu kuchanganyikiwa au kushindwa kuamka. Mpeleke hospitalini saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi, usingoje mtu wa kutoka Nairobi aamue. Piga 719, ni bure.

Ukiugua ukiwa kijijini, usikimbilie mjini

Kupanda basi ukiwa mgonjwa ili ukatibiwe Nairobi ni kuwaambukiza watu wa usiku mzima. Tibiwa hapo ulipo. Mjulishe mwajiri kwa simu. Waambie uliokaa nao, kila mmoja, bila kuficha, ili wajichunge na wapimwe.

Kabla ya kukata tiketi

Mtafute mhudumu wa afya wa mtaa wako mjini, au umpigie wa kijijini kwenu, umweleze unavyojisikia leo. Wazazi wako wanamjua kwa jina. Mpigie kabla hujalipa nauli.