Funzo kutoka Hanang: Elimu ya fani moja haitoshi

NI jambo la kawaida siku hizi mzazi wa mjini kumwambia mwanawe anayeingia kidato cha tatu: "Wewe shika sayansi tu, hayo mengine achana nayo." Nia yake ni njema. Lakini tujiulize ndugu msomaji, mtaalamu anayejua jambo moja, na asijue kabisa lililo jirani yake, anaweza kuleta madhara gani?

Jibu lipo Hanang, mkoani Manyara. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, serikali ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano katika tambarare za Basotu. Chini ya shirika la NAFCO yakapatikana mashamba saba, yenye jumla ya takriban ekari 100,000. Wataalamu wale waliijua kazi yao na ngano ilistawi. Hilo hatulikatai.

Tatizo ni kwamba walichokiona kama pori tupu kilikuwa malisho bora ya Wabarbaig. Wafugaji hawa walikuwa wakihamisha ng'ombe kwa zamu kati ya tambarare, miteremko na kando ya maziwa, wakifuata mvua na majani. Ukichukua tambarare umevuruga mzunguko wote, kwani mifugo inabanana katika maeneo yaliyobaki na ardhi inachoka. Aidha, makaburi ya wazee wao yalilimwa. Mtaalamu wa ngano angejuaje hayo ikiwa hakupata kusoma habari za ufugaji, historia na mila za watu?

Wananchi wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaugeuza uamuzi huo. Hapo tena ilidhihirika kuwa elimu ya malisho peke yake, bila ya sheria ya ardhi, haikutosha kuwalinda wenye malisho.

Hatusemi kwamba upungufu wa elimu ndio chanzo pekee. Sera za wakati ule nazo zilikuwa na mkono wake. Tunachosema ni kuwa fani moja iliona magunia, haikuona watu.

Sasa tupande milima ya Mbulu, kwa Wairaqw. Wazee wa huko, bila ya shahada, walichanganya kilimo na ufugaji katika eneo dogo lenye watu wengi. Samadi ya ng'ombe ilirutubisha mashamba, matuta yalizuia udongo usiteremke, na maji ya mabondeni yaliongozwa kwa mifereji. Aidha, mifugo iligawanywa kwa ndugu na marafiki ili maradhi yakiingia zizi moja mtu asifilisike. Mkulima yule alikuwa bwana shamba, bwana mifugo na mchumi kwa wakati mmoja.

Wapo watakaosema: kila fani ni fardhi kifaya, basi inatosha kila mmoja ashike yake. Ni kweli tunahitaji mabingwa, na hakuna anayetaka kupasuliwa na daktari wa kubahatisha. Lakini Hanang wajuzi wa ngano walikuwepo, wajuzi wa malisho walikuwepo na wanasheria walikuwepo. Waliokosekana ni watu wa kuziunganisha elimu hizo. Wanazuoni wetu walilijua hili. Ibn Sina alikuwa tabibu na mwanafalsafa; Ibn Rushd alikuwa kadhi, tabibu na mwanafalsafa. Ubingwa katika fani moja haukuwafungia mlango wa nyingine.

Basi mzazi, mwanao akichagua sayansi mpongeze, kisha mnunulie na kitabu cha historia. Akisoma sheria, ajue na hesabu. Akisoma dini, aijue na ardhi anayoikanyaga. Kesho ndiye atakayekabidhiwa ramani ya kijiji cha watu asiowajua, na kalamu yake itakata maisha ya wengi.