KUWATENDEA WEMA WAZEE WALIOONDOKEWA NA KUMBUKUMBU

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyemjaalia mwanaadamu kupita kutoka udhaifu wa utoto hadi nguvu za ujana, na kutoka nguvu hizo hadi udhaifu wa uzee. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Somo letu hili linahusu haki ya wazazi wawili, na khasa haki ya mzazi aliyefikwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Wengi wetu tumefundishwa tangu utotoni kuwatii wazazi, kutafuta radhi zao na kuomba dua zao. Lakini itakuwaje pale mzazi anapokuwa hamjui tena mwanawe, hana amri ya kutiiwa, wala hakumbuki jioni wema aliotendewa asubuhi? Je, haki yake imepungua? Jawabu ni kwamba haikupungua, bali imezidi. Na huu ndio msingi wa somo letu: taklifu imeondoka kwake yeye, haikuondoka kwetu sisi.

1. Maradhi yenyewe

Qur-ani Tukufu imeitaja hali hii waziwazi. Katika Surat An-Nahl aya ya 70 na Surat Al-Hajj aya ya 5, Mwenyezi Mungu anatujuulisha kwamba miongoni mwetu wamo wanaorejeshwa kwenye umri dhaifu kabisa, hata ikawaondokea ile elimu waliyokuwa nayo. Basi jambo hili si aibu ya nyumba yoyote, wala si la kufichwa wageni wanapobisha hodi.

Madaktari huiita hali hii dimenshia, nayo huletwa na maradhi mbalimbali yanayoharibu ubongo. Yaliyo mengi zaidi ni maradhi ya Alzheimer, yaliyopewa jina la daktari wa Kijerumani Alois Alzheimer aliyeyaeleza mwaka 1906. Hayo peke yake ni sababu ya asilimia 60 mpaka 70 ya wagonjwa. Sababu nyengine kubwa ni kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, jambo linalochochewa na presha na kisukari. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 walikuwepo watu milioni 57 wenye hali hii. Zipo dawa zinazopunguza dalili kwa baadhi ya wagonjwa, lakini haijapatikana dawa ya kuiponya.

Kutokana na hayo, familia inapaswa kuzingatia mambo mawili. La kwanza ni kumpeleka mzee kwa daktari mapema. Si kila usahaulifu ni dimenshia. Upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, huzuni nzito au dawa anazomeza mzee huweza kuleta hali inayofanana nayo, na hizo hutibika. Na mzee akibadilika ghafla kwa siku moja au mbili, aone visivyokuwepo au asinzie mchana kutwa, apelekwe hospitali bila ya kuchelewa, kwani mara nyingi huwa ni maambukizi au upungufu wa maji mwilini.

La pili ni kujiepusha na kauli kwamba mzee amefanyiwa sihri. Kumsomea Qur-ani na kumuombea dua ni kheri, wala hakuzuii tiba. Lakini kumtuhumu mkwe au jirani bila ya ushahidi ni dhulma, na nyumba ngapi zimevunjika kwa tuhuma za namna hii!

2. Kuondoka kwa taklifu

Wanavyuoni wetu wa Ibadhi, kama wenzao wa madhehebu nyengine, wamekubaliana kwamba akili ni sharti ya taklifu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kalamu haimuandikii aliyelala, wala mtoto ambaye hajabaleghe, wala aliyeondokewa na akili. Kwa hiyo mzee aliyeondokewa kabisa na fahamu zake hadaiwi Sala wala funga, na maneno mabaya yatokayo kinywani mwake hayahisabiwi.

Lakini maradhi haya hayaji kwa siku moja. Mzee huweza kuwa na fahamu zake asubuhi na zikamtoka alasiri. Anapokuwa na fahamu atasali kwa kadiri awezavyo. Akiwa anasahau idadi ya rakaa, mmoja wa watu wa nyumbani asali naye jamaa, amuongoze. Akikatisha au akizidisha, asikemewe kama mtoto wa chuoni. Mara nyingi Sura alizozihifadhi mzee utotoni hubakia ulimini mwake baada ya majina ya wajukuu kumtoka. Basi tusimnyime faraja hiyo.

Ama funga, mzee mwenye akili zake ambaye mwili wake hauwezi hulisha maskini mmoja kwa kila siku. Aliyeondokewa kabisa na akili hana taklifu ya funga, na haijuzu kumzuilia maji na chakula kwa sababu tu nyumba nzima imefunga. Aliye baina ya hali hizi mbili, familia imuulize mwanachuoni na daktari, wala isijiamulie yenyewe.

3. Mahala pa neno "uff"

Katika Surat Al-Israa aya ya 23, Mwenyezi Mungu ametukataza kuwaambia wazazi hata neno "uff", na ametaja khasa wakati wanapofikia uzee wakiwa kwetu. Wafasiri wamelizingatia neno la Kiarabu "indaka", yaani kwako, chini ya ulinzi wako. Amri hii imeteremshwa kwa ajili ya mzee aliyemo nyumbani, ambaye mwanawe anamuona usiku na mchana, mpaka subira yake ikafika mwisho.

Na wapi "uff" huponyoka kwa wepesi zaidi kuliko mbele ya mzee anayeuliza swali moja mara ishirini? Jua, ewe ndugu, kwamba kwake yeye kila mara ni mara ya kwanza. Mjibu kwa sauti ile ile. Ukiona kifua kimekubana, toka chumbani, tia udhu, kisha urejee.

Tuchukue mfano ambao wengi wa wasomaji wetu walioko Oman watautambua. Mama mmoja alizaliwa Unguja, akaondoka baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, akaishi Maskati zaidi ya miaka hamsini. Sasa kila ikikaribia Magharibi huvaa buibui lake, akashika mkoba, akasimama mlangoni: "Nirejesheni nyumbani, mama ananingoja." Mwanawe humwambia: "Mama, hapa ndipo nyumbani. Na bibi amekufa zamani." Mama hulia kana kwamba khabari ya msiba imemfikia leo, na kesho yake mambo huwa yale yale.

Kosa la mwana huyu si uongo, kwani amesema kweli. Kosa ni kumfisha bibi kila jioni mbele ya mtu asiyeweza kuhifadhi msiba wake. Wala hatumwambii aseme uongo, kwani ukweli ni wajibu wa Muislamu. Lakini baina ya uongo na ukali ipo njia ya tatu, nayo ni kuyageuza mazungumzo kwa upole. Mjukuu wake aliiona njia hiyo. Alimshika bibi mkono akamuuliza: "Bibi, nyumbani kwenu kuna nini?" Bibi akaanza kusimulia kisima, mkarafuu wa nyuma ya nyumba, na mkeka wa karafuu uliokuwa ukianuliwa mbio mvua inapotanda. Wakakaa chini. Adhana ikaadhiniwa, na buibui likavuliwa bila ya ugomvi.

Zingatia pia kwamba mjukuu huyu aliweza kufanya hivyo kwa sababu anajua Kiswahili. Mara nyingi mgonjwa hupoteza kwanza lugha aliyojifunza ukubwani, akabakiwa na ile ya utotoni. Mzee aliyezungumza Kiingereza kazini kwa miaka thelathini huenda asimfahamu muuguzi wake. Basi ewe mzazi uliye ugenini, kumfundisha mwanao Kiswahili ni katika kumtendea wema mama yako, na huenda kesho ikawa ni katika kukutendea wema wewe.

4. Malezi ya nyumbani

Yafuatayo ni mambo ambayo nyumba inayolea mzee huyahitaji kila siku.

Ratiba. Kuamka, kula, kukoga na kulala kuwe kwa wakati ule ule. Nyakati za Sala ni msaada mkubwa katika jambo hili.

Usalama. Mlango wa nje uwekewe kengele, gesi ifungwe, dawa zifichwe, mazulia yanayoteleza yaondolewe, na taa ndogo iwake usiku njia ya kwenda chooni. Mzee avae bangili au kadi yenye nambari ya simu ya nyumbani, kwani wengi hutoka na kupotea.

Chakula. Apewe kidogo kidogo, laini, akiwa amekaa wima, asije akapaliwa. Maji apewe bila ya kungoja aombe, kwa sababu husahau kiu.

Usafi na sitara. Asili ni binti amsafishe mama yake, na mwana wa kiume amsafishe baba yake. Asipopatikana wa jinsia moja naye, dharura huruhusu kwa kiasi chake tu: afunikwe kanga au shuka, aoshwe chini ya nguo, na mkono uvishwe glavu au kitambaa. Mlango ufungwe, na aelezwe kwa upole kila linalofanywa kabla halijafanywa. Akili ikiondoka, haya huweza kubakia.

Tuhuma. Huenda mama akamwambia binti anayemlea: "Umeniibia dhahabu zangu." Hayo ni maradhi yanayosema. Asibishane naye, bali amsaidie kuzitafuta. Nanyi ndugu mlioko mbali mnaoyasikia haya kwa simu, msimuhukumu dada yenu kwa maneno ya mgonjwa. Mtu anaweza kustahamili kutuhumiwa na mama yake aliyeondokewa na akili. Kutuhumiwa na ndugu zake wenye akili ni jambo jengine.

5. Mali ya mzee

Mali ya mzee hubakia kuwa yake mpaka siku ya kufa kwake. Urithi haugawanywi mtu akiwa hai, na mtoto anayeshika kadi ya benki ya baba yake ameshika amana. Matumizi ya mzee hutolewa katika mali yake kwanza. Akiwa hana, ni wajibu wa watoto wenye uwezo. Kila kinachotumika kiandikwe, na ndugu wote waoneshwe.

Bei, hiba au talaka inayotoka kwa mtu asiyefahamu anachokisema haipiti. Kwa hiyo usia na uwakala huandikwa mapema, fahamu zikiwa bado zipo. Katika England na Wales, tangu mwaka 2007 ipo hati ya uwakala wa kudumu ambayo mtu humteua wa kumsimamia mambo yake, lakini lazima aifanye akiwa bado anafahamu maana yake. Aliyechelewa hulazimika kwenda mahakamani, nako kuna gharama na kungoja.

6. Nani abebe mzigo?

Hapa ndipo penye kasoro yetu kubwa. Katika familia nyingi mzigo wote huangukia kwa binti mmoja, au kwa mke wa mtoto wa kiume, ilhali wengine hutuma salamu. Wajibu huu ni wa watoto wote, wanaume na wanawake. Mke wa mwana halazimiki kisharia kumuuguza mama mkwe; akifanya hivyo ni ihsani yake, anastahiki shukurani na dua, na mume hana haki ya kumuamrisha kisha yeye akatoka kwenda barazani.

Aliye mbali naye ana sehemu yake: atume gharama, achukue likizo aje kumpumzisha anayelea, na apige simu kuuliza hali ya mlezi pamoja na hali ya mgonjwa. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Mlezi aliyechoka bila ya kupumzika huishia kukaripia, na mwisho naye huugua.

Kuajiri muuguzi au mtumishi kunajuzu, lakini mtumishi husaidia mikono tu, hachukui nafasi ya mtoto. Na ikiwa maradhi yamefikia mahala ambapo nyumbani hapana tena usalama kwa mzee, na ikalazimika kumpeleka katika nyumba ya uuguzi, familia ihakikishe sitara yake, chakula chake cha halali na wakati wa Sala yake, kisha imtembelee bila ya kukatiza. Kinachokatazwa ni kumtupa. Wala mtu asiseme: "Haidhuru nisiende, kwani hanijui." Yeye hakujui, lakini wewe unamjua, na Mola wenu anawajua nyote wawili.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini haki ya mzazi haipungui anapoondokewa na akili?
2. Ni zipi hukumu za Sala na funga za mzee ambaye fahamu zake huja na kuondoka?
3. Utamjibu vipi mzazi anayemuulizia mtu aliyekwisha kufa, bila ya uongo na bila ya kumuumiza?
4. Katika familia yako, ni nani anayelea, na wewe umemchukulia sehemu gani ya mzigo wake wiki hii?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu walio hai na waliotangulia, awape subira wanaowauguza, atusamehe kila "uff" iliyotuponyoka, na atujaalie mwisho mwema. Amin.