Kufundisha Mazungumzo na Mgeni: Hali ya Hewa, Habari na Siasa Katika Darasa la Tano

Mtoto wa shule ya msingi aweza kusoma ukurasa mzima wa kitabu chake pasipo kukosea, na bado asiweze kumjibu mgeni amwulizaye njia ya kwenda zahanati. Huinamisha kichwa, hutafuna kidole, au hukimbia. Wazazi husema mtoto huyo ana haya. Sisi walimu hatuna budi kujiuliza kama kweli ni haya, au kama ni kazi yetu tuliyoiacha. Katika vipindi vingi vya Kiswahili mwanafunzi hujibu maswali ambayo mwalimu anayajua majibu yake tangu mwanzo. Hayo si mazungumzo. Mazungumzo ni kusema na mtu usiyejua atajibu nini.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mwanafunzi kuandaa na kufundisha kipindi kimoja cha mazungumzo baina ya mtoto na mtu asiyemfahamu. Tumechagua mambo matatu ambayo watu wasiojuana huyazungumza kila mahali, iwe barazani, kituo cha basi, kisimani au gulioni: hali ya hewa, habari za siku hizi, na siasa.

1. Mpango wa Mazungumzo ya Waswahili

Kiswahili chenyewe kimetuwekea mlango wa kuingilia. Neno la kwanza baada ya “hujambo” au “shikamoo” ni “habari”. Kwa desturi hujibiwa “njema” hata kama ng’ombe amekufa jana usiku, kisha ndipo msemaji huongeza “ila” na kueleza shida yake. Mwalimu asidhani kwamba “njema” hiyo ni uongo. Ni hodi na karibu ya mazungumzo: kwanza tunathibitisha kwamba tumekutana kwa amani, kisha tunaanza kuelezana.

Baada ya salamu, wageni hupanda ngazi polepole. Ngazi ya kwanza ni hali ya hewa, kwa sababu jua na mvua havina mwenyewe wala havimwudhi mtu. Ngazi ya pili ni habari: yaliyotokea njiani, bei za vitu, magonjwa, ajali. Ngazi ya tatu ni mambo ya nchi na uongozi wake. Mtu arukaye moja kwa moja hadi ngazi ya tatu huonekana hana adabu, au hushukiwa kuwa anachunguza watu. Mpango huu ndio tunaoufuata katika somo.

2. Hali ya Hewa si Maneno ya Kupitisha Wakati

Kwa mkulima na mvuvi, swali la mvua au upepo ni swali la chakula. Mvuvi wa Pemba aulizaye kama kusi imeshaanza anataka kujua kama ataweza kutoka nje ya mwamba. Hivyo mwalimu aandae msamiati wa kweli wa mahali anapofundisha.

Katika pwani yetu, upepo wa kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kuanzia Aprili hadi kiasi cha Septemba. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Baina yao kuna kipupwe, majira ya baridi ya katikati ya mwaka. Lakini mwalimu aliyezaliwa Tanga akipelekwa Dodoma asiyachukue majira ya Tanga na kuyaandika ubaoni. Dodoma, kama sehemu nyingi za kati na kusini mwa Tanzania, ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba au Desemba hadi Aprili. Mtoto wa huko akiambiwa kwamba mvua za vuli hukoma kabla ya masika kuanza, atakariri jambo asilopata kuliona.

Kabla ya somo, watume watoto wakawaulize wazee maneno yatumikayo kijijini kwa aina za mvua, pepo na mawingu. Maneno mengine yatakuja kwa lugha ya nyumbani. Yapokee, kisha tafuteni pamoja namna ya kuyaeleza kwa Kiswahili, kwani mgeni aweza kuwa hajui lugha ile.

3. Habari: Nani Amesema, na Amejuaje?

Ngazi ya pili ndiyo yenye somo kubwa zaidi. Mtoto asikiaye habari huipeleka kama alivyoipokea, na mara nyingi huiongezea chumvi. Siku hizi habari huwajia watoto kwa redio, kwa magari ya abiria na kwa simu za wakubwa, nao hawana mizani ya kuzipimia. Mizani hiyo ni maswali manne mafupi: Nani amesema? Amejuaje? Jambo lilitokea lini? Wengine wasemaje?

Tuchukue mfano wa kweli. Mwezi Machi 2019 kimbunga Idai kilipiga karibu na mji wa Beira, Msumbiji, kikaua watu wengi na kuharibu makao ya watu. Mwezi uliofuata kimbunga kingine, Kenneth, kilielekea pwani ya kaskazini ya Msumbiji, jirani kabisa na Mtwara. Wataalamu wa hali ya hewa wa Tanzania walitoa tahadhari kwa mikoa ya kusini. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga hicho kikatua katika mkoa wa Cabo Delgado, ng’ambo ya mto Ruvuma, na Mtwara ikanusurika na pigo lenyewe.

Mtu aweza kusema, “Tulitishwa bure.” Hapa mwalimu afundishe tofauti ya mambo matatu. Utabiri ni makadirio ya mtaalamu juu ya jambo ambalo bado halijatokea: waweza kutotimia bila ya kuwa uongo. Habari ni taarifa ya jambo lililokwisha kutokea, nayo yaweza kuthibitishwa. Uvumi ni maneno yasiyo na mwenyewe. Tahadhari ya Aprili 2019 ilikuwa utabiri, na wenye pwani yetu wanayo sababu ya kuusikiliza. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia kabla ya kupungua nguvu. Mtoto aliyejifunza tofauti hii hatadharau onyo la kweli kwa sababu onyo la jana halikutimia.

4. Siasa: Palipo na Mwiba

Walimu wengi wapya hukwepa siasa darasani, na wengine huiingia bila hadhari. Tuliwahi kukaa nyuma ya darasa moja wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mwalimu mwanafunzi, kijana mwenye bidii, aliwauliza watoto, “Baba yako nyumbani husema nini juu ya uchaguzi?” Watoto watatu walijibu kwa furaha. Wa nne, msichana mdogo, alisimama, akatazama dirishani, akakaa bila kusema neno. Hakujibu tena swali lolote hadi kengele ilipolia. Baada ya somo yule mwalimu alituambia kwamba msichana yule hakushiriki. Tulimwambia kwamba alishiriki kuliko wote: yeye peke yake ndiye aliyetambua kuwa ameulizwa siri ya nyumba yao mbele ya majirani arobaini.

Nasi tulikuwa na lawama yetu. Andalio la somo lile tulikuwa tumelisoma na kulitia sahihi siku iliyotangulia, wala hatukuuona mwiba uliokuwa ndani ya swali lile. Tangu siku hiyo tunafuata kanuni nne:

(a) Mtoto asiulizwe kamwe wazazi wake wanaunga mkono chama gani au mtu gani.

(b) Mwalimu asifanye darasa kuwa jukwaa la maoni yake. Tanzania ilirudisha mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, na watoto walio mbele yake hutoka katika nyumba za kila upande.

(c) Mazungumzo yahusu jambo, si mtu: kisima kilichoharibika, barabara isiyopitika wakati wa mvua, bei ya mahindi. Hayo ni siasa kwa hakika, maana ni mambo ya wote, na mtoto ana ushahidi wake mwenyewe.

(d) Mtoto afundishwe maneno ya kupinga kwa heshima na maneno ya kutoka katika mazungumzo. Kwa mfano: “Samahani, hapo mimi naona vingine, kwa sababu...” au “Hilo silijui vizuri, mzee.” Na yakizidi kuwa makali: “Tuyaache hayo, tuzungumze mengine.”

Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa maoni. Uhuru huo hauna faida kwa mtu asiye na maneno ya kutolea maoni yake. Vilevile, mwenye uhuru wa kusema anao uhuru wa kunyamaza, na msichana yule alikuwa na haki ya kunyamaza.

5. Andalio la Somo (Dakika 40)

Azma: Kufikia mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kuzungumza na mgeni kwa kupanda ngazi mbili za kwanza, na kuuliza kwa adabu chanzo cha habari.

Zana: Kofia au kanga ya kumtambulisha “mgeni”, viti viwili, orodha ya maneno ya hali ya hewa iliyokusanywa na watoto.

Hatua ya kwanza (dakika 5): Mwalimu aingia kama mgeni, apiga hodi, asalimu. Watoto waitikie.

Hatua ya pili (dakika 10): Mwalimu na mwanafunzi mmoja waigize mazungumzo mafupi kama haya:

Mtoto: Shikamoo, mzee.
Mgeni: Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?
Mtoto: Njema, mzee. Habari za utokako?
Mgeni: Njema, ila jua limenichoma. Kwenu mvua imeshafika?
Mtoto: Ilinyesha juzi usiku, ikakata. Bibi anasema tusipande bado.
Mgeni: Ana akili bibi yako. Nimesikia daraja limechukuliwa na maji.
Mtoto: Samahani mzee, habari hiyo umeipata kwa nani?
Mgeni: Kwa kondakta wa basi.
Mtoto: Yeye aliliona?
Mgeni: La, naye aliambiwa tu.
Mtoto: Basi, mzee, mwenyekiti yupo ofisini pale, na watu wamekaa nje. Huenda yeye anajua.

Waonyeshe watoto kwamba mtoto huyu hakumwambia mkubwa “si kweli”. Aliuliza tu, akatanguliza “samahani”, kisha akaelekeza kwa mwenye kujua. Adabu na ukweli havigombani.

Hatua ya tatu (dakika 15): Watoto wazungumze wawili wawili, kisha wabadilishane nafasi. Mwalimu apite baina yao akisikiliza, asiwakatize kwa kusahihisha kila kosa la upatanisho wa ngeli. Ayaandike makosa katika daftari lake.

Hatua ya nne (dakika 7): Jozi mbili ziigize mbele ya darasa. Wenzao wataje ni swali gani kati ya yale manne liliulizwa, na lipi lilisahauliwa.

Hatua ya tano (dakika 3): Mwalimu aandike ubaoni makosa mawili au matatu yaliyojitokeza kwa wengi, bila kutaja majina, na darasa liyasahihishe.

6. Hadhari Juu ya Wageni

Hapa msomaji aweza kuuliza: je, hatuwafundishi watoto kuzoeana na watu wabaya? Swali hili ni la haki. Watoto waambiwe waziwazi kwamba mazungumzo na mgeni hufanywa mahali penye watu. Mtoto hamwambii mgeni kwamba nyumbani hakuna mkubwa, haongozani naye peke yake, wala hapokei zawadi yake. Ndiyo sababu mtoto wa mfano wetu alionyesha ofisi kwa mkono, hakumsindikiza mgeni. Mgeni akiuliza yasiyomhusu, mtoto ana ruhusa ya kusema, “Ngoja nimwite mama,” na kuondoka. Mtoto aliyezoea kuzungumza huyatamka maneno hayo kwa urahisi, lakini aliyezoea kunyamaza huenda akashindwa kuyatamka siku ya hatari.

7. Upimaji

Mwalimu asipime kwa wingi wa maneno. Atazame mambo manne: je, mtoto alisalimu kama ipasavyo umri wa mwenziwe? Alisikiliza hadi mwisho? Aliuliza angalau swali moja la kweli? Alitofautisha alichokiona na alichosikia? Mtoto aliyesema sentensi tatu na kutimiza manne haya amefaulu kuliko aliyehutubia dakika tano.

Maswali ya Kujadiliwa Chuoni

1. Taja mambo matatu ya kijiji au mtaa wako yanayoweza kuzungumzwa na watoto chini ya kanuni (c), na ueleze ushahidi gani watoto wenyewe wanao.

2. Mwanafunzi anasema darasani, “Mjomba amesema kesho shule zote zitafungwa.” Andika namna utakavyoipokea habari hiyo bila kumwaibisha mtoto wala mjomba wake.

3. Soma andalio moja ulilofundishia muhula huu. Je, kuna swali lililomtaka mtoto atoe siri ya nyumba yao? Liandike upya.

Swali hili la tatu tunajiuliza na sisi wakufunzi kila tunapoletewa andalio tulitie sahihi.