Fundisho: Ubatizo wa pombe si ubatizo

Mkatekumeni ajua uzito wa neno ubatizo. Amengoja muda mrefu, amejifunza sala na amri, na siku ikifika atajibu kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya padri na Wakristu wote. Lakini neno hilo takatifu limepewa maana nyingine mahali fulani. Katika vyuo vikuu vya Ubelgiji, vikundi vya wanafunzi huita « ubatizo » desturi yao ya kumpokea mwenzao mpya. Mgeni huitwa « bleu ». Huaibishwa, hunyweshwa pombe, na akivumilia yote huhesabiwa kuwa mmoja wao. Katika vyuo vikuu vya Kongo pia, mateso ya « bleus » si jambo geni.

1. Yaliyotokea Ubelgiji

Katika mji wa Leuven, penye chuo kikuu tangu mwaka 1425, vijana watatu walitaka kuingia katika kikundi cha wanafunzi. Ilikuwa Desemba 2018, majira ya baridi kali. Usiku wa kwanza walinyweshwa pombe nyingi mno. Kesho yake walipelekwa mahali pa faragha karibu na msitu, wakatiwa katika shimo lenye maji ya baridi, wakanyweshwa mchuzi wa samaki wenye chumvi nyingi. Mmoja wao, kijana wa miaka 20, alizidiwa akapelekwa hospitali, akafa baada ya siku chache. Mwaka 2023 mahakama ya rufani ya Antwerpen iliwahukumu vijana 18 kwa kifo hicho. Hawakukusudia kuua, walifuata desturi, na kati ya wengi hao hakuna aliyesimamisha mambo kwa wakati.

2. Kwa nini mtu hunywa asichotaka?

Si kwa kiu. Ni kwa kuogopa kuchekwa na kuachwa peke yake. Mtakatifu Augustino aliliona jambo hili zamani sana. Alipokuwa mwanafunzi Kartago, katika Afrika ya Kaskazini, yapata mwaka 371, palikuwa na kundi la wanafunzi lililojiita Waharibifu, lililowadhihaki wageni. Katika kitabu chake cha Maungamo akiri kwamba aliyachukia matendo yao, na hata hivyo alitembea nao, akiona haya kutofanana nao.

Kijijini ni vilevile. Chupa ya lutuku ikizunguka, kijana aambiwa: « Kunywa, au wewe si mwanaume? » Anakunywa. Kesho atampa mwingine na kumwambia maneno yaleyale.

3. Pombe katika mwili

Yezu mwenyewe aligeuza maji kuwa divai katika arusi ya Kana. Basi ubaya haumo katika kinywaji, bali katika kupita kiasi na katika kulazimishana. Ini huondoa pombe polepole. Wala kahawa wala maji ya baridi hayaharakishi kazi hiyo. Anayemeza pombe kali kwa haraka, ubongo wake hulegea, na pumzi yaweza kukatika. Akilala chali, aweza kukabwa na matapishi yake. Kwa hiyo mlevi asiyeamka asiachwe « alale tu ». Alazwe kiubavu, afunikwe, mtu akae naye, naye apelekwe upesi kwa mganga wa hospitali.

4. Tofauti ya ubatizo huu na ule

Mkatekumeni huulizwa kama anataka, naye hujibu kwa hiari. Mtu aliyelewa hawezi kukubali wala kukataa. Mkatekumeni husimama na baba au mama wa ubatizo, aliye mlinzi wake. Kule wakubwa ndio watesaji. Kwa kanuni ya zamani, padri alitia chembe ya chumvi ulimini mwa mkatekumeni, iwe alama ya hekima. Kule Ubelgiji chumvi ilitiwa ili kumwaibisha mtu, ikamletea mauti.

Basi mzazi amtumaye mtoto mjini kusoma asimpe karo na nguo tu. Amfundishe mapema, nyumbani, kusema « Hapana, sitaki » bila matusi na bila haya. Tena amfundishe kumtetea mwenzake anayelazimishwa, kwa maana mmoja akikataa wazi, wa pili hupata moyo wa kukataa.

MAULIZO

Ulizo: Je, anayemlazimisha mwenzake kunywa ana kosa, hata kama ni mchezo?
Jibu: Ndiyo, kwani anauweka uzima wa mwenzake hatarini na kumwondolea hiari aliyopewa na Mungu.

Ulizo: Na anayetazama na kunyamaza?
Jibu: Naye ana sehemu ya kosa, akiwa aliweza kuzuia.

Ulizo: Rafiki wa kweli hujulikanaje penye pombe?
Jibu: Humwacha mwenzake akatae, na humlinda akizidiwa.